TAHADHARI: Majaketi "ya kuwindia" yanayouzwa Tabora ni plastiki tupu

Wana Tabora, hasa mnaojiandaa kuingia porini msimu wa uwindaji unaofunguliwa Julai, kaeni macho. Kuna muuzaji anazungusha picha za majaketi kwenye magrupu ya WhatsApp. Anadai ni ya wawindaji wa Ulaya, yanazuia upepo na kupitisha jasho nje. Bei ni 95,000, unalipa kwanza kwa simu, mzigo unakuja na basi. Wenzetu wa Sikonge wameshapigwa, na jaketi moja nimelishika kwa mikono yangu.

Lebo ya GORE-TEX, chapa ya kitambaa kinachozuia maji na kupitisha jasho, imebandikwa kifuani kwa uzi unaofumuka. Ukiligeuza, upande wa ndani wote umepakwa kitu cheupe, ukikikwaruza kwa kucha kinabanduka vipande vipande. Mishono iko wazi, ukiliinua juani unaona matundu ya sindano. Jaketi halisi lina utando mwembamba uliogandishwa kwenye kitambaa, wenye vitundu vidogo mno kuliko tone la maji lakini vinavyopitisha mvuke wa jasho, na kila mshono umezibwa kwa utepe kwa ndani.

Mwenye jaketi alitoka nalo alfajiri nyuma ya gari la wazi, kwenye ile baridi yetu ya Julai. Upepo haukupenya, akaridhika. Jua lilipopanda wakaanza kufuata nyayo kwa miguu: shati likalowa chepechepe, na kila akiinua mkono jaketi linachakacha kama mfuko wa rambo. Mnyama anasikia hilo kutoka mbali. Jioni baridi ikamkuta na shati bichi mgongoni.

Ujanja wa muuzaji uko kwenye video. Anamwagia jaketi maji, anaweka mdomo na kupuliza, hewa haipiti, watu wanaamini. Lakini hata turubai linazuia maji na upepo! Kinachotakiwa kupimwa ni jasho. Chukua kikombe cha maji ya moto, funika kwa kitambaa cha jaketi, upande wa ndani uelekee chini, kisha pindua glasi kavu ya baridi juu yake. Subiri dakika chache. Glasi ikishika ukungu, mvuke unapita. Ikibaki kavu, usitoe hela yako.

Na hili naomba mlichukulie kwa uzito: mengine anayouza ni ya mabaka. Anasema "ya kuwindia hayana shida." Shida ipo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba raia wasalimishe sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, na sheria inakataza kuzivaa. Chagueni kijani au kahawia isiyo na michoro. Bluu na nyeusi muziache pia, maana ndorobo (mbung'o) wanazifuata rangi hizo, na mapori yetu mnayajua.

Ukimlalamikia anakwambia subiri, kesho yake amekubloku na namba ni nyingine. Msifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo. Namba yake iripotini kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na kuhusu lebo bandia Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa za aina hiyo. Aliyekwisha kulipa aniandikie inboksi, tunakusanya ujumbe wote wa malipo tuupeleke polisi kwa pamoja.