Nimezungushwa bandari ya Hamburg kwa boti: je, inalipa?

Kama kazi yako ni mizigo na umefika Hamburg, kata tiketi ya boti ya kuzunguka bandari pale Landungsbrücken, kwenye kituo cha boti. Kama umekwenda kutembea tu, panda feri namba 62 ya Finkenwerder. Tiketi ni ileile ya basi na treni za mjini, unakaa juu, unaziona kreni za gati la makontena la Burchardkai ng'ambo ya mto, na hela inayobaki unanunulia mkate wa samaki.

Mimi ni wakala wa forodha, ofisi yetu iko Kurasini, Dar es Salaam, kwa hiyo nililipa. Euro ishirini na kitu kwa saa moja si hela ndogo. Maelezo ni ya Kijerumani (safari za Kiingereza zipo ila chache, ulizia dirishani), na nahodha tuliyempata alikuwa na masihara mengi kuliko habari. Abiria walicheka, mimi nikawa namsumbua shemeji yangu anayeishi huko anitafsirie. Boti yenyewe sina neno nayo. Ni fupi na imekaa chini, inapenya hadi kwenye mifereji ya Speicherstadt, yale maghala ya matofali mekundu yaliyofunguliwa mwaka 1888. Ila uliza kwanza habari ya maji. Hamburg iko karibu kilomita 100 kutoka baharini, na bado mto Elbe pale hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3. Yakipwa, mifereji inabaki tope. Yakijaa sana, boti haipiti chini ya madaraja. Sisi tuliyakuta ya wastani, tukapita.

Nahodha alituonyesha maghala akataja kahawa, kakao na viungo, asiseme vilitoka wapi. Kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ilianzishwa mjini humo mwaka 1890, na meli zake zilikuwa zikija Tanga na Dar es Salaam. Ningekuwa na Kijerumani cha kutosha ningemkumbusha. Siku hizi kahawa hupita kwa makontena, lakini biashara yake haijahama: Neumann Kaffee Gruppe, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa kabisa wa kahawa mbichi duniani, ana makao makuu jirani tu na maghala hayo. Ujerumani haina shamba la mibuni, na bado ni muuzaji mkubwa wa kahawa nje. Watu wa Moshi wataelewa kwa nini nilikunja uso.

Sehemu ya makontena ndiyo iliyonirudishia hela yangu. Meli ya mita 400 ukiitazama kutoka kwenye kiboti, shingo inauma. Hapo nahodha akaanza majigambo ya ukubwa, nikaona anauza kitu kisicho na nguvu. Mwaka 2024 Hamburg ilipitisha makontena milioni 7.8 kwa kipimo cha futi 20; Rotterdam na Antwerp kila moja ilipita milioni 13. Mto unajaa tope, unachimbwa kila leo, na meli kubwa kabisa haziwezi kupanda zikiwa na shehena kamili. Kwa nini basi wateja hawahami?

Jibu lilikuwa nyuma ya kreni, na nahodha alilipita kimya. Treni ndefu, makontena mwanzo hadi mwisho.

"Shemeji, ile inakwenda wapi?"

"Praha, kwa Wacheki, labda. Nyingi zinakwenda huko."

Karibu nusu ya makontena yanayotoka bandarini kwenda bara hupanda treni. Metrans, kampuni ya treni za Praha na kwingineko, ni mali ya HHLA, waendeshaji wa magati, ambamo jiji lenyewe ndilo mwenye hisa kubwa na kampuni ya meli ya MSC ni mbia tangu 2024. Kwa hiyo anayepakua meli ndiye huyohuyo anayeweza kukufikishia mzigo ng'ambo ya mpaka. Kwetu kontena likitoka getini ndipo linaanza kutafutiwa lori, na mteja wa Lubumbashi anaanza kupiga simu. Bandari kavu ya Kwala na reli ya SGR vikikaa sawa tutazungumza.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe hadi Moldauhafen, upande wa Veddel, ambako boti yetu haikufika. Mkataba wa Versailles, wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliipa Czechoslovakia, nchi isiyo na bahari, haki ya kukodi eneo bandarini, na kukodi kwenyewe kulianza 1929 kwa miaka 99. Wacheki wamerithi, na muda wa kukodi unaisha 2028. Ukifika usitarajie kuona kitu, ni maji na gati kuukuu. Mimi nilisimama pale muda mrefu nikiwaza eneo la mizigo la Malawi pale Dar.

Nyota nne. Ya tano ningeitoa kama tungefika Altenwerder, gati ambalo makontena hubebwa na magari yasiyo na dereva. Zipo safari ndefu zinazokwenda huko: kabla ya kulipa, uliza kama boti inapita chini ya daraja la Köhlbrand. Na beba koti hata Julai, upepo wa pale hauna adabu.