Kiwavijeshi vamizi: mtego au kukagua shamba kwa macho?

Kila msimu wa mahindi swali hili hurudi huku Masindi na Kiryandongo. Tangu kiwavijeshi vamizi athibitishwe Uganda mwaka 2017, wakulima hubishana: mtego wa harufu (wenye chambo kinachonukia kama nondo jike ili kuvuta madume) au kukagua shamba?

Kwa gharama, macho yanashinda, hayadai ila muda. Mtego hununuliwa, na chambo chake hubadilishwa kila wiki 3 hadi 6. Kikiisha nguvu, mtego mtupu hukuaminisha kwamba shamba ni salama, na hilo naliona baya kuliko kukosa mtego kabisa.

Kwa tahadhari ya mapema, mtego hauna mpinzani. Nondo, yaani kiwavi huyu akishakomaa, huweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja, na mtego humnasa kabla hujaona jani lililotobolewa. Ila hunasa madume tu, wala hauoneshi mimea mingapi imeshambuliwa. Hapo lazima utembee: pita shamba kwa umbo la W, simama sehemu 5, kagua mimea 10 kila sehemu. Fungua moyo wa mche, tafuta kinyesi mfano wa unga wa msumeno. Kiwavi mwenyewe ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na, karibu na mkia, madoa manne yaliyopangika mraba.

Programu ya simu ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), iitwayo FAMEWS, hupokea taarifa za njia zote mbili.

Mwenye nusu eka akague mwenyewe. Kikundi chenye mashamba yanayopakana kichangie mtego, mradi yupo wa kuhesabu nondo kila wiki. Kama hayupo, msinunue.