Ruth Brown kwenye CD mbili: nyimbo 40, na sauti inayokatika pale inapotakiwa

Gari langu ni la zamani, bado lina tundu la CD, na hiyo ndiyo sababu pekee sijaliuza. Miezi mitatu sasa humo ndani anaimba mtu mmoja tu: Ruth Brown, mwimbaji wa Marekani aliyevuma miaka ya hamsini.

Mkusanyo unaitwa Miss Rhythm (Greatest Hits and More). Atlantic, kampuni yake ya kurekodi, waliutoa mwaka 1989, CD mbili, nyimbo 40. Niliununua wa mtumba huko Marekani, shemeji akanibebea alipokuwa anarudi Dar. Muuzaji aliandika kwamba uko kama mpya. Ulipofika, kasha lina ufa na kijitabu cha maelezo hakimo. Diski zenyewe ni safi, hazirukiruki, kwa hiyo nimemsamehe nusu.

Niseme mapema: kwa sisi tuliokulia miaka ya tisini, muziki wa rhythm and blues, yaani R&B ni kijana aliyefungua vifungo vya shati, amelowa mvua, anabembeleza. Humu humkuti. Hii ni R&B ya wakati jina lenyewe bado bichi: piano inakimbia, saksafoni inakoroma, nyimbo nyingi hazifiki hata dakika tatu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba nyimbo zimefuata miaka. Tafadhali usizichanganye. Ya kwanza ni So Long, ya mwaka 1949, na ukiisikia bila kuambiwa utadhani ni mwimbaji mwingine. Anaimba polepole, kwa adabu, kama binti aliyesimamishwa mbele ya wageni. Na kusimama kwenyewe kulikuwa kazi. Mwaka 1948, binti huyu wa Portsmouth, Virginia, alikuwa njiani kwenda New York alipopata ajali ya gari, akavunjika miguu, akalala hospitalini miezi mingi. Atlantic ilikuwa kampuni changa, imeanzishwa mwaka 1947 tu, na inasimuliwa kwamba mkataba alitia saini akiwa kitandani.

Yeye mwenyewe alipenda nyimbo za taratibu za mapenzi. Halafu mwaka 1950 mtunzi Rudy Toombs akampa Teardrops from My Eyes, ngoma ikapanda kasi, na wimbo ukakaa wiki 11 kileleni mwa chati ya R&B. Hapo ndipo unapoanza kusikia ile alama yake: mwishoni mwa neno sauti inakatika ghafla, inapanda juu kama ya mtu aliyebanwa kidole na mlango. Mwalimu wa kwaya angemwambia arudie. Kwenye 5-10-15 Hours, na saksafoni ya Willis Jackson ikiunguruma nyuma yake, ameshajua kwamba mkato ule ni mali, anauweka anapotaka. Nimerudia nyimbo hizi tatu kwa mfuatano mara nyingi kuliko nyingine zote, maana kwa dakika kama tisa hivi unamsikia mtu akiacha kuimba anavyodhani inafaa, akaanza kuimba anavyoweza yeye tu.

Halafu (Mama) He Treats Your Daughter Mean, 1953. Tari! Mimi ni mtoto wa Tanga, nikisikia tari akili inakimbilia maulidini kabla ya kukumbuka niko wapi. Siku hiyo nilikuwa nimempakia mama mkwe kutoka hospitali. Akasikiliza kimya, akauliza, "Huyo dada analia nini, mwanangu?" Nikamwambia anamshtakia mama yake, mwanamume anamtesa. "Basi kesi ya kawaida hiyo," akasema. Wimbo ulipoisha akasema, "Hebu rudisha."

CD ya pili haina nguvu sawasawa. Oh What a Dream, uliotungwa na Chuck Willis, ni mtamu kweli, na ule alioimba na mwimbaji mwenzake Clyde McPhatter, Love Has Joined Us Together, nauona haukupata sifa inayostahili. Lakini Mambo Baby ni kukimbilia mtindo wa wakati ule, densi ya Kilatini iitwayo mambo, na Lucky Lips ya mwaka 1957, ambayo ilimfikisha kwa wasikilizaji wengi wa muziki wa pop, kwangu ni pipi: inaisha mdomoni. Saksafoni ya King Curtis kwenye This Little Girl's Gone Rockin' ndiyo inayoniamsha tena.

Lawama yangu kubwa: mkusanyo unaishia mwaka 1960, na Don't Deceive Me, kana kwamba baada ya hapo mama huyu hakupumua. Kampuni iliyopewa jina la utani "nyumba aliyoijenga Ruth" ilipoachana naye, alifanya kazi za ndani na kuendesha basi la shule ili alee watoto. Miaka ya themanini akadai mirabaha yake, yaani fungu lake la mauzo ya nyimbo, akisaidiwa na mwanasheria Howell Begle, na mwaka 1988 Atlantic wakakubali kuwalipa yeye na wasanii wenzake wa zamani. Kutokana na madai hayo ikazaliwa Rhythm and Blues Foundation, taasisi ya kuwasaidia wasanii wa muziki huo. Mwaka uliofuata, mwaka uleule wa CD hizi, akapata Tony, tuzo ya maonyesho ya jukwaani ya Broadway, New York, kwa onyesho la Black and Blue. Tarehe hizo zimebadilisha namna ninavyousikiliza mkusanyo huu. Najua angalau kwamba ulipoingia madukani, mwenye sauti alikuwa ameshalipwa haki yake.

Ukiupata, tafuta na Blues on Broadway, albamu yake iliyopata Grammy, akiwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu. Sauti imekuwa nzito, imepata kokoto. Ule mkato bado upo.

Mimi naupa nyota nne. CD ya kwanza kwa sasa siwezi kuikagua tena, iko kwa mama mkwe.