Mashine ya juisi ya miwa ya kuchongwa Gerezani, Dar es Salaam: mtu mmoja anaimudu?

Anayetaka kuanza biashara ya juisi ya miwa bila msaidizi huogopa mashine kwanza. Afadhali angeogopa kumenya. Muwa wa kilo moja uliokwisha kumenywa hutoa juisi ya karibu nusu lita, kwa hiyo glasi 60 za mililita 300 zinahitaji kilo 36 hivi, yaani miwa isiyopungua 25 ya kati. Kwa kisu kikali na dakika tatu kwa muwa, hiyo ni zaidi ya saa nzima kabla injini haijawashwa. Na huwezi kuimenya yote usiku: ikilala wazi hubadilika rangi na kuanza kuchachuka. Menya nusu alfajiri, kata vipande vya sentimita 60, funika kwenye boksi la barafu. Nusu nyingine malizia saa nne, wateja wakiwa wachache.

Tukija kwenye mashine yenyewe, zinazochongwa Gerezani zinafanana: rola tatu, gia, mkanda, injini ndogo ya petroli, fremu yenye magurudumu. Kwa kukamua hazina ubaya. Tatizo ni kwamba nyingi zimepangwa kwa watu wawili, mmoja analisha muwa mbele, mwenzake anapokea makapi nyuma na kuyarudisha. Ukiwa peke yako utazunguka mashine mara mbili au tatu kwa kila glasi, huku pesa iko mezani. Mwambie fundi aweke bati lililoinama nyuma ya rola, ili makapi yateleze na kurudi upande wako. Ni kipande kidogo cha bati, lakini mpaka umwombe.

La pili usilifanyie mzaha. Rola zikishika kidole haziachii, na peke yako hakuna wa kuzima. Mdomo wa kulishia uwe mrefu kuliko umbali wa vidole hadi kiwiko, usiwe tundu tu kwenye bati. Swichi ya kuzimia iwe mahali goti linapofika, kwa kuwa mikono yote miwili inaweza kuwa imebanwa au ina shughuli. Fundi akikuambia "utazoea tu", tafuta fundi mwingine. Glovu za kitambaa, mikono mirefu ya shati na ncha ya kanga vyote huvutwa; vaa aproni iliyobana.

Rola zenyewe zipime kwa sumaku kabla ya kutoa advansi. Stenlesi ya daraja zuri kwa chakula kwa kawaida haivuti sumaku, au huvuta kidogo sana. Chuma cha kawaida hushika kutu usiku mmoja tu, na asubuhi glasi ya kwanza hutoka na rangi ya kahawia yenye ladha ya msumari. Wengine hupaka rangi ya fedha juu ya chuma. Kwaruza kwa ufunguo utaiona. Angalia pia beringi za pembeni: grisi ikivuja, isidondokee kwenye sinia la juisi.

Injini nyingi ni za aina ya Honda GX160 au nakala zake: ujazo wa cc 163, tangi la lita tatu hivi, oili takriban lita 0.6. Ni injini ya mipigo minne, kwa hiyo usichanganye oili na petroli kama wafanyavyo wenye misumeno ya kukatia miti. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, kisha kila baada ya saa 100. Kama itakaa wiki nzima bila kazi, funga koki ya mafuta injini ikiwaka uiache izime yenyewe, la sivyo kabureta huziba. Muwa ukikwama na injini ikiendelea kunguruma, mkanda umelegea au umelowa juisi. Zima, kausha, kaza.

Lakini kama kibaraza chako kina soketi, chukua ya mota. Mota ya kilowati 1.5 ikifanya kazi jumla ya saa mbili kwa siku hutumia uniti tatu hivi za LUKU, na unaiwasha tu mteja akifika. Kubwa zaidi ni mikono. Muuzaji wa peke yake hujaza petroli, hupokea noti, kisha hushika ndimu, na harufu ya petroli kwenye ukingo wa glasi humpoteza mteja papo hapo. Lipa namba iliyobandikwa juu hupunguza noti. Petroli haiondoki kwa maji matupu, weka sabuni.

Ndimu na tangawizi vipite kwenye rola pamoja na muwa. Asidi ya ndimu huchelewesha juisi kuwa nyeusi. Barafu ya mabonge ya kuhifadhia samaki isiingie kwenye glasi hata joto liwe vipi. Poza muwa wenyewe.

Jioni pitisha ndoo moja ya maji ya moto rola zikizunguka, kisha zima kabisa, chomoa waya au kofia ya plagi, ndipo usugue meno ya gia kwa brashi. Sukari ikikauka humo, kesho nyuki watafika kabla yako. Boliti za injini zikazwe kila asubuhi wiki ya kwanza, mtetemo huzilegeza.