CAPABLE ya Baltimore: huduma ya wazee inayompeleka muuguzi nyumbani pamoja na fundi

CAPABLE ni huduma iliyobuniwa katika Shule ya Uuguzi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Kwa muda wa miezi minne hadi mitano humfikia mzee nyumbani kwake, ikimletea muuguzi, mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mtu aweze kujifanyia shughuli zake za kila siku) na fundi wa nyumba.

Mwasisi wake, Sarah Szanton, ni muuguzi aliyekuwa akiwatibu wagonjwa majumbani, na bila shaka ndiyo sababu kizingiti na ngazi vimepewa uzito sawa na vidonge. Katika utafiti aliouongoza walikuwamo mwanasosholojia Laura Gitlin, madaktari na mtaalamu wa takwimu. Lakini sifa ya kwanza ninampa fundi, ambaye miradi mingi ya afya isingemkumbuka kabisa.

Mzee ndiye anayechagua malengo: mmoja atataka kuoga bila kushikwa mkono, mwingine kushuka ngazi aende kanisani. Mtaalamu wa tiba kazi huikagua nyumba pamoja naye, kisha huandika orodha ya kazi ambayo fundi ataifuata, yaani kufunga vyuma vya kushikilia bafuni, kukaza reli ya ngazi iliyolegea au kuziba shimo la sakafuni. Muuguzi naye hushughulikia maumivu, dawa, huzuni na mazoezi ya kuzuia kuanguka.

Katika jaribio la wazee 300 wa kipato cha chini, lililochapishwa mwaka 2019, alama za ugumu wa shughuli za kila siku baada ya miezi mitano zilikuwa chini kwa asilimia 30 kwa waliopata huduma, zikilinganishwa na za wenzao wa kundi la kulinganisha, ambao hawakuipata. Jambo lililonishawishi ni kwamba wenzao hao nao walitembelewa nyumbani, kwa hiyo mtu hawezi kudai kuwa wazee walichangamka kwa sababu tu ya kupata wageni.

Kasoro zipo. Huduma haimfai mzee aliyepoteza sana kumbukumbu, kwa kuwa hawezi kujipangia malengo, na upatikanaji wake hutegemea kama kuna taasisi au bima iliyo tayari kuilipia mahali anapoishi. Kwa mzee mwenye akili timamu anayehangaika na bafu na ngazi zake, naipendekeza bila kusita, mradi anayeigharimia asikate fungu la fundi ili kubana matumizi.