Nyumba ya safu kwenye kijiji cha pwani Uholanzi: uzoefu wangu wa kununua

Nyumba yenyewe naipa alama za juu. Ni tussenwoning, nyumba ya katikati ya safu: vyumba vitatu vya kulala juu, sebule na jiko chini, bustani ndogo nyuma, kwenye kijiji cha pwani ya Noord-Holland. Kuta mbili za pembeni zinakingwa na nyumba za majirani, kwa hiyo inakula gesi kidogo ya kupasha joto kuliko nyumba ya kona yenye ukubwa uleule. Ununuzi nao unaenda kwa utaratibu unaoeleweka, lakini kuna mahali pawili panapoumiza watu: fedha ambazo benki haikopeshi, na ukaguzi wa jengo.

Tuanze na fedha. Bei inayoandikwa Funda, tovuti ya matangazo ya nyumba, ikifuatwa na herufi k.k. ina maana gharama za kuhamisha umiliki ni za mnunuzi. Benki inakopesha mwisho asilimia 100 ya thamani ya nyumba, au hadi 106 ikiwa nyongeza inaenda kwenye kuokoa nishati. Ukitoa ofa iliyozidi thamani aliyoandika mthamini, tofauti hiyo inatoka mfukoni. Kwa nyumba ya euro 400,000, kodi ya uhamisho ya asilimia 2 peke yake ni euro 8,000, bado notari (mwanasheria anayehamisha umiliki), mthamini na mshauri wa mkopo. Aliye chini ya miaka 35 anaweza kusamehewa kodi hiyo mara moja tu maishani, bei ikiwa ndani ya kikomo. Mwaka 2025 kilikuwa euro 525,000. Mkinunua wawili, kila mmoja anapimwa kwa umri wake: aliyepita 35 analipia nusu yake.

Amana ni kawaida asilimia 10 ya bei. Huna haja ya kuwa na euro 40,000 taslimu. Dhamana ya benki inatosha, na gharama yake huwa karibu asilimia 1 ya kiasi kinachodhaminiwa.

Ukishapokea nakala ya mkataba uliosainiwa, unazo siku tatu za kujitoa bila kutoa sababu, na angalau mbili ziwe za kazi. Zikipita, kinachokulinda ni masharti yaliyomo ndani ya mkataba tu. Hapa nasema kwa msisitizo: usikubali kufuta sharti la ukaguzi wa jengo ili ofa yako ishinde. Dalali akikuhimiza ulifute, mlete mkaguzi kabla hujatoa ofa.

Mkaguzi aanzie chini. Kifuniko cha nafasi iliyo chini ya sakafu kwa kawaida kiko nyuma ya mlango wa mbele, chini ya zulia la kufutia miguu. Nyumba nyingi za safu zilizojengwa kuanzia 1965 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina sakafu za zege za aina ya Kwaaitaal au Manta. Kiwandani zege hilo lilichanganywa na kloridi ili likauke upesi. Unyevu ukiingia, nondo zinapata kutu, zinavimba, na zege linabanduka kutoka upande wa chini. Dalili ni nyufa zinazofuata mbavu za sakafu na madoa ya kahawia. Unga wa zege uliotobolewa hupimwa maabara, na jibu hilo ndilo la kujadilia bei.

Kisha ukuta unaopigwa na upepo wa kusini-magharibi. Chumvi na mvua hula saruji iliyo kati ya matofali, na ndani yake vyuma vinavyoshika tabaka mbili za ukuta. Ufa wa mlalo kwenye kiungio cha matofali usipuuzwe. Angalia pia bawaba, bomba la moshi la boila, na gata, ambazo hujaa mchanga. Asbesto ilipigwa marufuku mwaka 1993. Nyumba iliyotangulia hapo ichunguzwe paa la banda na mabomba ya zamani. Mkataba wa nyumba kuukuu mara nyingi una kifungu kinachomtwika mnunuzi kasoro zinazotokana na umri, kwa hiyo usome chote.

Utulivu wa kijiji ni wa kweli, hasa kipindi cha baridi. Sauti kupitia ukuta wa pamoja ni jambo lingine: nenda jioni, ngazi za jirani zinasikika vizuri saa hizo. Uliza basi la kwenda stesheni ya treni linapita mara ngapi nje ya msimu wa watalii, na hati ya umiliki inasemaje kuhusu haki ya kupita kwenye kichochoro cha nyuma. Bima ya kawaida ya jengo kwa kawaida hailipi mafuriko ya bahari iliyovunja kingo kuu.

Kama Kiholanzi chako hakitoshi kufuata hati, notari atataka mkalimani, na malipo yake ni juu yako; mpange mapema. Siku ya kukabidhiwa, kagua nyumba kabla ya kusaini, fungua kila bomba, piga picha za mita. Ukihamia, una siku tano za kujiandikisha manispaa.