Matofali ya Lishe ya Mashudu ya Zeituni: Tathmini kwa Wafugaji wa Badia, Yordani

Badia, nyika kame ya Yordani, huchukua karibu asilimia 80 ya ardhi ya nchi hiyo, na sehemu yake kubwa haipati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka. Mfugaji wa Kibedui katika nyika hiyo hupima thamani ya chakula cha mifugo kwa hali ya kondoo wake wanapofika msimu wa kuzaa, na kwa kipimo hicho nayaona matofali ya lishe, yaani vipande vigumu vya chakula ambavyo mifugo hulamba, kuwa bidhaa yenye manufaa ya kweli, ilimradi mnunuzi aelewe yanafanya kazi gani.

Tofali hutengenezwa kwa mashudu yanayobaki baada ya zeituni kukamuliwa mafuta, yakichanganywa na pumba za ngano, molasi, chumvi, madini, urea kidogo, na chokaa au saruji ya kushikamanisha. Mchanganyiko hushindiliwa katika kalibu na kuachwa ukauke bila kupikwa, hivyo kikundi cha wafugaji kinaweza kuutengeneza chenyewe.

Kinachonivutia zaidi ni majira. Zeituni huvunwa kuanzia Oktoba, wakati ambapo kiangazi kimekwisha kuyamaliza malisho na kondoo wengi wa aina ya Awassi wana mimba watakazozaa majira ya baridi. Mtoto wa kondoo hukua zaidi katika wiki za mwisho za mimba, na mama aliyekonda wakati huo huzaa mtoto dhaifu, kisha hutoa maziwa machache. Maziwa hayo ndiyo yanayogeuzwa kuwa samli na jamid, yaani mtindi uliotiwa chumvi na kukaushwa kuwa madonge magumu, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa iko mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo tofali linalolambwa vuli huonekana katika kipato cha familia masika yanapofika.

Hata hivyo, tofali halisimami peke yake. Vijidudu vya tumbo kuu la kondoo hutumia urea kujenga protini na kumeng'enya vizuri majani makavu. Pasipo majani hayo, faida yake ni ndogo. Aidha, kondoo anayenyonyesha huhitaji nguvu kuliko anavyoweza kupata kwa kulamba, na ndiyo maana tofali hupunguza gharama ya shayiri, ambayo Yordani huagiza karibu yote kutoka nje, lakini haliiondoi. Wala halichukui nafasi ya chanjo, kwa kuwa kondoo aliyeambukizwa ugonjwa wa brusela huweza kutupa mimba hata akiwa amenona.

Kasoro ninayoiona kubwa ni ubora usiolingana. Ugumu wa tofali ndio unaomlazimisha mnyama alambe polepole; lililo laini hutafunwa kwa pupa, na urea nyingi kwa mara moja huua. Tofali lililonyeshewa lina hatari hiyo hiyo. Wanakondoo ambao matumbo yao hayajakomaa wasipewe kabisa, na maji yawe karibu wakati wote, jambo ambalo kwa anayeletewa maji kwa lori ni gharama ya kuhesabiwa mapema.

Ningemshauri mnunuzi akague kila shehena kabla ya kulipa: abonyeze tofali kwa kidole gumba kwa nguvu, na likibonyea kwa urahisi au likimeguka pembeni, alikatae. Kondoo wasioyazoea waanze kwa muda mfupi kila siku, tena wakiwa wamekwisha kula majani, wala wasiletwe kwenye tofali na njaa.